Sufuria Mbili Katika Nyumba Moja

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 61, fundi cherehani anayeshona kanzu na sare za shule, mkazi wa Kaloleni mjini Kisumu. Huu ni mwaka wake wa tisa na kisukari cha aina ya pili. Kwa miaka mitatu ya karibuni amekuwa akijidunga insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30: uniti 24 asubuhi na 16 jioni, pamoja na vidonge vya metformini. Alifika kwenye meza yangu ya ushauri wa lishe akiwa na barua ya mistari miwili kutoka kituo alichokuwa akihudhuria awali: HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu) asilimia 10.4, mgonjwa hafuati masharti ya chakula, afundishwe upya. Ameridhia kisa chake kiandikwe, nami nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Hayo maneno "hafuati masharti" ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Katika wagonjwa wa sukari niliowahudumia, ni wachache mno walioyashika masharti kama mzee huyu. Aliyashika mpaka yakamkondesha, yakamtenga na watu wake, na usiku mmoja yakamwangusha sakafuni chumbani mwake.

Karatasi ya masharti

Masharti yenyewe yalikuwa kwenye karatasi aliyoikunja mara nne na kuitia ndani ya pochi, imechakaa hadi mikunjo imeanza kutoboka. Upande mmoja: usile. Ugali mweupe, wali, chapati, mkate, mandazi, viazi mbatata, muhogo, ndizi, embe, nyama nyekundu, chochote cha kukaanga. Upande wa pili: kula. Nduma, viazi vitamu, ugali wa wimbi, mboga za majani, samaki wa kuchemsha. Kiasi hakikuandikwa, wala saa ya kula. Insulini haikutajwa popote, ingawa mtu anayedungwa insulini hawezi kupangiwa chakula bila sindano yake kuhesabiwa.

Mke wake aliifuata karatasi ile kwa uaminifu wa mtu anayetaka mumewe aishi. Alinunua sufuria ndogo akaitenga. Nyumba ina watu wanane, pamoja na binti yao na wajukuu. Sufuria kubwa ikaendelea kuwapikia saba, ndogo ikawa ya mzee. Nduma asubuhi, nduma usiku, samaki wa kuchemshwa kwa maji na chumvi kidogo. Wiki ambazo kazi ya cherehani ilikuwa haba na nduma za soko la Jubilee haziguswi kwa bei, mzee alikula mboga tupu na chai ya rangi. Alikula kabla ya wengine, chumbani, peke yake, kwa sababu kukaa mkekani mbele ya sinia la pilau siku ya Ijumaa na kutazama mikono ya wajukuu ikienda na kurudi kulimshinda. Halafu akaacha kwenda harusini. Halafu maulidi. Ndugu zake walidhani amewakasirikia.

Kuna dodoso la maswali 20 linalopima mzigo wa moyoni wa kuishi na kisukari, liitwalo PAID. Kila swali lina alama 0 hadi 4, jumla huzidishwa kwa 1.25 ili mizani yote iwe 100, na mwenye 40 au zaidi huhesabiwa kuwa amelemewa. Nilimsomea swali moja moja kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Alipata 61.25. Lakini jumla hiyo haikunifunza mengi kama majibu yenyewe. Kuhofia madhara ya baadaye alitoa 2. Kujiona amenyimwa chakula, 4. Watu kumwambia ale nini, 4. Hofu ya sukari kushuka, 4. Kujiona yuko peke yake na ugonjwa wake, 4.

"Binti yangu," akaniambia, "ugonjwa wenyewe ningeuweza. Nisichokiweza ni kuwa mgeni nyumbani kwangu."

Uzito wake ulikuwa kilo 58 kwa urefu wa mita 1.72. Hakuwa na hata kilo moja ya kupunguza.

Kwa nini sukari ipande kwa mtu asiyekula?

Daftari lake lilikuwa na vipimo vya asubuhi tu kabla ya kula, kwa milimoli kwa lita: 5.1, 14.8, 4.2, 16.3, 6.0, 15.5. Anayesoma haraka atasema huyu anakula kwa kujificha, na hatakuwa amekosea kabisa. Atasema pia insulini iongezwe. Hapo ndipo angemuua.

Kabla ya kukigusa chakula, daktari nami tulipitia mambo mengine. Alikuwa na uvimbe laini pande mbili za kitovu, pale alipozoea kujidunga kila siku, na insulini inayodungwa kwenye uvimbe wa namna hiyo huingia mwilini ovyo, leo haraka, kesho polepole. Figo zilipimwa kwa kuwa figo zilizochoka huifanya insulini ikae mwilini muda mrefu na kushusha sukari, zilikuwa sawa. Alipimwa kifua kikuu, maana kisukari humweka mtu karibu na ugonjwa huo na mzee alikuwa amekonda, hakuwa nacho. Na huku ukanda wa Ziwa Victoria kuna jambo jingine la kukumbuka. HbA1c husoma sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu kwa miezi miwili mitatu. Watu wengi wa huku wamerithi jeni ya selimundu bila hata kuugua, na malaria huziharibu chembe hizo kabla ya wakati wake, hivyo kipimo hicho kinaweza kupotosha. Hatukukitegemea peke yake.

Tulimwomba ajipime kwa siku tatu saa ambazo hakuwahi kujipima: saa tano asubuhi, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya kulala, na saa tisa usiku. Kijana wake aliye Mombasa alituma pesa za stripu, vile vijikaratasi vya mashine ya kupimia sukari. Tukamwomba pia aandike kila kinachopita mdomoni, na nikamwahidi kwamba hapa hakuna atakayemkemea. Ahadi hiyo ilikuwa na uzito kuliko stripu zenyewe.

Alichoandika ni hiki. Baada ya swala ya alfajiri anajidunga uniti 24, anakunywa chai ya rangi isiyo na sukari, kipande cha nduma kama kipo, kisha anakwenda dukani kwake. Saa tano asubuhi: 3.1. Mikono inatetemeka, uzi haupiti kwenye tundu la sindano, jasho linamtoka, macho yanaona giza. Yeye aliamini hiyo ni sukari iliyopanda, kwa sababu kila alipojihisi vibaya aliambiwa sukari imepanda. Kwa hiyo alikunywa maji akangoja. Siku miguu ilipomkatalia kabisa, alinunua soda na mandazi matatu kwa jirani. Kabla ya mchana: 13.9. Akiona hiyo, anaukosesha mwili wake chakula cha mchana kwa kujiadhibu.

Jioni, uniti 16 na bakuli la mboga. Saa tisa usiku: 2.8. Mke wake alisimulia jinsi mzee anavyoongea maneno yasiyoeleweka usingizini na shuka zinavyolowa. Alidhani ni majinamizi, akawa anamsomea dua. Usiku mwingine mzee aliamka na njaa isiyovumilika, akapapasa hadi jikoni, akala kiporo cha ugali akiwa amesimama gizani. Asubuhi zilizofuata usiku huo zilikuwa ndizo za 15 na 16. Namba aliiandika. Kiporo hakukiandika, kwa aibu.

Insulini ya 70/30 ni mbili ndani ya chupa moja. Asilimia 30 ni ya haraka, ambayo nguvu zake hufika kilele kati ya muda wa saa mbili na nne baada ya kudungwa. Asilimia 70 ni ya polepole, na kilele chake huja popote kati ya muda wa saa nne na kumi na mbili. Anayejidunga alfajiri na kukaa na chai ya rangi hukutana na zote mbili mchana wake ukiwa bado haujaanza, tumbo likiwa tupu. Dozi ya jioni humkuta amelala. Kwa hiyo ile 10.4 haikuwa alama ya ulafi. Ilikuwa alama ya njaa iliyokuwa ikijilipiza.

Na macho pia. Alishanunua miwani zaidi ya mara moja, kila moja ikimfaa wiki chache. Sukari inapopanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika umbo kwa maji yanayoingia na kutoka, na uwezo wa kuona hubadilika nayo. Fundi anayeishi kwa tundu la sindano huona kwamba anapofuka. Hata hivyo hatukumwacha hapo. Retina, utando wa nyuma ya jicho, lazima ichunguzwe kila mwaka, na alikwenda hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga, ambako watu wengi wa magharibi hupeleka macho yao.

Usalama kwanza

Daktari alishusha dozi: 20 asubuhi, 14 jioni. Mzee akafundishwa kuhamisha sehemu ya kudunga hadi mapajani, mbali na ule uvimbe, na kuviringisha chupa kati ya viganja mpaka dawa yote iwe nyeupe sawasawa kabla ya kuivuta. Kanuni iliyobaki ilikuwa moja: insulini hii hudungwa nusu saa kabla ya kula, basi asidunge kabla hajajua chakula kiko jikoni na kitaiva saa ngapi.

Tulitumia muda mrefu kwenye sukari kushuka. Ikiwa chini ya 4, au ikiwa dalili zipo na mashine haiko karibu: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida, angoje dakika 15, apime tena, na ikipanda ale kitu cha kushikiza. Nusu kikombe, bila mandazi. Alinitazama sana.

"Mimi nitembee na sukari mfukoni?"

Miaka tisa ya kuambiwa sukari ni sumu haitoki kwa sentensi moja. Ilibidi nimwonyeshe daftari lake mwenyewe, ile 3.1 na ile 13.9, na soda nzima iliyosimama katikati yao. Mke wake ndiye aliyeelewa kwanza, na ndiye aliyeshona kifuko kidogo cha sukari kinachokaa kwenye mfuko wa kanzu.

Somo la jikoni

Kwa somo la chakula nilimwomba aje na mpishi. Walikuja mke na binti. Nikamwomba mama anieleze kinachopikwa kwenye sufuria kubwa, ile ambayo mzee haruhusiwi: ugali, mrenda na kunde, sukuma wiki, omena wa nyanya, ndengu, maharagwe, wali wa Ahero, pilau ya Ijumaa, mbuta pesa zikipatikana. Nikamwambia, mama, hiyo sufuria kubwa ina karibu kila kitu anachohitaji. Turudishe ile ndogo kabatini.

Imani ya nduma inanisumbua, kwa kuwa imeenea nchi nzima na imewagharimu wagonjwa pesa nyingi. Nduma ni wanga. Viazi vitamu ni wanga, ugali wa wimbi ni wanga, wa mtama pia, na unga wa muhogo unaochanganywa huku kwetu ni wanga mtupu. Nyuzinyuzi za nafaka isiyokobolewa husaidia, na unga wa posho mill ambao haukukobolewa ni bora kuliko ule mweupe wa pakiti, tena mara nyingi ni wa bei nafuu. Lakini rangi ya kahawia haimpi mtu ruhusa ya sahani nzima. Kinachoamua kwanza ni kiasi. Mtu aliyekatazwa ugali akapewa nduma bila kipimo hajafundishwa lishe. Amebadilishiwa jina la wanga na kuongezewa gharama.

Vitabu vya lishe huchora sahani: nusu mboga, robo wanga, robo protini. Ni mchoro mzuri, nami huutumia. Ila nyumba hii haili kwenye sahani. Inakula kwenye sinia, watu wanane, mkono wa kulia, na hakuna robo inayoonekana ndani ya sinia. Nikimpa mzee sahani yake ya mchoro nimemrudisha chumbani kwa mlango mwingine. Basi tulikaa na mama na binti tukatafuta njia ya sinia.

Mboga iongezwe kwa nyumba nzima. Kunde, mchicha na mrenda si ghali, na fungu moja la ziada likiingia kwenye sufuria hakuna mtoto atakayelalamika. Mboga na samaki, au maharagwe, viwekwe upande anaokaa mzee, naye aanzie hapo, wanga aufikie mwisho. Tafiti zimeonyesha kwamba mtu akitanguliza mboga na protini, sukari baada ya kula hupanda kidogo kuliko akitanguliza wanga, na katika sinia hilo linawezekana bila mtu yeyote kutambua kwamba kuna mgonjwa mkekani. Kachumbari siku ya pilau iwe nyingi. Chapati ikipikwa, moja yake imekaa mahali pa ugali, haiji juu ya ugali. Embe nusu, baada ya chakula chenye wanga mdogo. Samaki apate nyanya, kitunguu, dania, ndimu na kijiko cha mafuta, maana karatasi ile ilimkataza ladha bila sababu yoyote ya kitabibu.

Kwenye ugali tulikwama. Kiasi chake tulikubaliana ni ngumi yake mwenyewe. Mama akasema atamkatia na kumwekea. Mzee, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Mimi nikatiwe tonge kama mtoto, mbele ya wajukuu?" Binti yake ndiye aliyelipatia jawabu. Katika nyumba yao mkubwa ndiye huanza. Baba akate mwenyewe, wa kwanza, ngumi moja, aivute upande wake, kisha wengine waingie. Kipimo kikawa heshima yake badala ya kuwa alama ya ugonjwa, na kuanzia siku hiyo sikuhitaji tena kuuliza juu ya ugali.

Asubuhi kabla ya dukani: uji wa wimbi kikombe kimoja au vipande viwili vya mkate, pamoja na yai au maharagwe ya jana. Saa nne, njugu kiganja kimoja au ndizi ndogo. Chakula cha mchana kiliwe, hata namba ikiwa mbaya. Usiku, kama sukari iko chini ya 6 kabla ya kulala, kikombe cha maziwa. Na baada ya chakula cha jioni, matembezi ya dakika chache hadi msikitini kwa swala ya isha, ambayo alikuwa ameyaacha kwa kuogopa kuanguka njiani.

Baada ya miezi sita

HbA1c ilikuwa 8.2, na vipimo vya nyumbani vilikubaliana nayo. Kushuka kwa usiku, kulikokuwa kukimpata karibu mara tatu kwa wiki, kulitokea mara moja tu mwezi wa mwisho, na siku hiyo alikuwa amechelewa kula harusini. Harusini! Uzito ulifika kilo 61.5. PAID ilishuka hadi 27.5. Kunyimwa chakula kulitoka 4 hadi 1. Ila hofu ya madhara ya baadaye ilipanda, kutoka 2 hadi 3, na mwenzangu mmoja aliiona kama dosari. Mimi naisoma vinginevyo. Mtu aliyekuwa akipambana na njaa na kutetemeka kila siku hakuwa na nafasi ya kufikiria miguu yake. Sasa anayo, na ndiye aliyeniuliza mwenyewe kuhusu ganzi kwenye vidole.

Wapo watakaosema 8.2 si 7, lengo la kawaida la HbA1c. Kwa mtu wa insulini aliyekuwa akishuka hadi 2.8 usingizini, kumkimbiza hadi 7 kwa haraka ni kumrudisha sakafuni. Lengo letu kwa sasa ni kukaribia 8 bila kushuka.

Ramadhani ilipokaribia aliuliza kama atafunga. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani humweka mtu wa namna yake, aliyeshuka vibaya ndani ya miezi mitatu, katika kundi la hatari kubwa, nami nilimwambia hivyo. Hakutosheka na neno langu, wala sikutarajia atosheke. Alikwenda kwa imamu, akasomewa aya ya 184 ya Suratul Baqara juu ya mgonjwa na fidya ya kumlisha maskini. Alilisha maskini mwezi mzima, na kila magharibi alikaa futarini na watu wake. Kiasi cha futari tulikipanga mapema, maana tende tatu, kaimati na uji wenye sukari mkao mmoja zingetosha kuharibu mwezi wote.

Jambo moja hatukulitarajia. Mama, ambaye sasa alikuwa anakula mboga nyingi kuliko zamani, aliomba naye apimwe. Kabla ya kula: 6.4. Si kisukari bado, kwa kuwa kisukari huanzia 7.0, lakini si salama. Miaka yote ambayo sufuria ndogo ilikuwa jikoni kwake, hakuna aliyemtazama yeye, aliyekuwa akila kutoka ile kubwa, ugali mwingi na mboga kidogo, ili watoto na mgonjwa watoshe. Atapimwa tena baada ya miezi mitatu.

Yaliyobaki si machache. Stripu bado zinategemea pesa za Mombasa, na zikikosekana mzee hurudi kukisia. Uvimbe wa kitovuni unapungua polepole. Ganzi ya vidole inahitaji uchunguzi wa miguu kila anapokuja, na viatu vilivyofungwa badala ya kandambili anazovaa akikanyaga pedali ya cherehani. Na kwenye kliniki yetu, kadi ya somo la lishe sasa ina mstari mmoja wa ziada: njoo na anayekupikia.